Mvua ni ya Nani? Kumbukumbu za Safari, Iringa hadi Rungwe

Jumatatu, Iringa mjini

Basi limekwama Kitonga nyuma ya lori la mafuta lililokuwa likipanda kwa kusuasua, kwa hiyo tumeingia stendi ya Igumbilo jua limeshainama. Mpwa wangu alikuwa ananingoja, begi mgongoni. Anasoma sheria hapa Iringa, na nimemwomba anisindikize hadi Rungwe kwa mapatano kwamba nauli ni juu yangu, uvumilivu ni juu yake. Mimi ni mwalimu wa historia. Mada ya dini na utawala nimeifundisha kwa mifano ya mbali: Konstantino wa Roma, Henry VIII wa Uingereza aliyejitangaza mkuu wa kanisa mwaka 1534, Mahdi wa Sudan. Safari hii nataka kuitafuta kwenye barabara yetu wenyewe.

Kijana hakungoja hata bajaji iondoke. "Mjomba, nchi hii haina dini. Ibara ya tatu ya Katiba."

"Na wimbo wa taifa unaanza na nani?"

Aliyejibu ni dereva. "Unaanza na Mungu, mzee. Na mimi huyohuyo namwomba anipe abiria wasioomba kupunguziwa."

Tulipoweka mizigo tumepanda jiwe la Gangilonga kuutazama mji. Jina lake maana yake ni jiwe linalosema. Wenyeji husimulia kwamba Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, alikuwa akija hapa kulisikiliza, na kwamba ni hapa alipoonywa juu ya Wajerumani. Vijana wa siku hizi wanakuja kupiga picha. Sijui mawe, lakini najua watawala: hakuna aliyewahi kuwaambia watu wake kwamba anatawala kwa akili zake tu. Lazima kuwe na kitu anachokisikia yeye na wengine hawakisikii.

Baridi imetushusha mapema.

Jumanne, Kalenga na Tosamaganga

Kosta ya Kalenga haiondoki mpaka ijae, na konda haoni sababu ya kumhimiza mtu aingie. Tumefika saa nne.

Makumbusho yenyewe ni jengo dogo. Mna mikuki, ngao, marungu, bunduki, na ndani ya sanduku la kioo, fuvu. Tuliingia pamoja na kundi la wanafunzi wa shule ya msingi. Mwalimu wao, mama mnene mwenye kitenge begani, akamwona mvulana mmoja amevaa kofia ya sufu. Hakupaza sauti. "Vua kofia. Uko mbele ya Mtwa." Mvulana akaivua haraka, wenzake wawili waliokuwa na skafu kichwani nao wakavua bila kuambiwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa na rozari mkononi.

Habari za vita kila mtoto wa Iringa anazijua. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe walikisambaratisha kikosi cha Emil von Zelewski na kumuua mwenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa akapigana vita vya msituni karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Wakamkata kichwa.

Ninachokirudia kila ninapofika hapa ni safari ya kichwa hicho. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita ya Kwanza ya Dunia, una ibara ya 246. Ndani ya ibara hiyo moja Ujerumani iliamriwa kurudisha vitu viwili katika muda wa miezi sita. Cha kwanza ni msahafu wa Khalifa Uthman, ambao Waturuki walikuwa wameutoa Madina na kumzawadia Kaizari Wilhelm II. Huo urudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Cha pili ni fuvu la Sultani Mkwawa, likabidhiwe kwa serikali ya Uingereza.

Mpwa wangu akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo mabwana wale waliokuwa wanagawana dunia walikaa wakaandika kuhusu msahafu na fuvu?"

Walikaa wakaandika, na hawakuwa wajinga. Waingereza walitaka kutawala Uarabuni na Uhehe kwa gharama ndogo, na mtu aliyemrudishia Mwislamu msahafu wake, au Mhehe kichwa cha Mtwa wake, anaokoa fedha nyingi za askari. Mtwa wa Wahehe alikuwa ndiye anayetambika kwenye makaburi ya baba zake kwa ajili ya mvua na vita. Kichwa cha mtu wa namna hiyo kikiwa ugenini, kuna kazi haifanyiki nyumbani.

Wajerumani wakasema hawajui fuvu liko wapi. Miaka ikapita, hadi Gavana Edward Twining alipokwenda Bremen mwenyewe mwaka 1953, akaonyeshwa mafuvu chungu nzima kwenye makumbusho, wakachagua kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Wapo wanaouliza mpaka leo kama ni lenyewe. Twining alilikabidhi hapa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, mbele ya umati. Wiki tatu hazijaisha, tarehe 7 Julai, TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Kama Twining alidhani fuvu litawatuliza watu wa Tanganyika, alichelewa.

Aliyelipokea alikuwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Kaburi lake liko hapo nje, karibu na la baba yake, na ukoo ni wa Kiislamu. Huyu Adam Sapi ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu, tangu 1962, na alikalia kiti hicho, ukiacha miaka miwili hivi katikati, hadi 1994. Kikao cha Bunge hufunguliwa kwa dua, na anayeisoma ni Spika. Mjukuu wa mtambikaji, Mwislamu, akiliombea Bunge la nchi isiyo na dini. Mpwa wangu hakusema kitu hapo. Alikuwa anaandika kwenye simu.

Mchana tumechukua bodaboda hadi Tosamaganga. Barabara ya mikaratusi, halafu ghafla kanisa kubwa la matofali ambalo mtu angetegemea kulikuta Italia. Wabenediktini wa Kijerumani ndio walioianzisha misheni hii mwishoni mwa miaka ya 1890, Mkwawa akiwa bado anawindwa. Vita ya Kwanza ikawaondoa, na kuanzia 1919 wakaja Wakonsolata wa Italia. Bendera ya boma ikibadilika, na taifa la padri linabadilika. Hilo halikuwa jambo la bahati.

Nilikuwa na kichwa kinaniuma tangu Kalenga, nikapita hospitalini kununua dawa. Pale dirishani nikaona kile nilichokuwa nakitafuta tangu jana bila kujua kinafananaje. Juu ya dirisha pana msalaba. Chini ya msalaba, tangazo la bima ya afya lenye nembo ya taifa. Hospitali ni ya jimbo la Katoliki, kwa miaka mingi imefanya kazi ya hospitali ya wilaya, na sehemu ya watumishi wake wanalipwa na serikali. Nilimuuliza muuguzi aliyenihudumia, "Dada, wewe ni wa kanisa au wa serikali?"

"Mimi ni wa zamu ya mchana, baba," akanijibu. "Elfu mbili na mia tano."

Shule ya sekondari iliyoanzia kwenye misheni hiyohiyo ni ya serikali moja kwa moja. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za madhehebu mikononi mwa serikali, ili mtoto wa Mwislamu, wa mpagani na wa Mkristo wakae dawati moja bila kuulizwa kadi ya ubatizo. Mimi ni mmoja wa waliofaidika, nisijifanye nasema kutoka hewani. Lakini hospitali zilibakia. Kujenga hospitali ni ghali, kuitaifisha ni ghali zaidi.

Jumatano, barabarani hadi Njombe

Siku ya basi. Mafinga: mbao, malori ya mbao, na watu wanaobishana bei ya mbao. Hapo mpwa wangu amenunua mahindi ya kuchoma ya moto kiasi kwamba alikuwa anayahamisha mkono hadi mkono mpaka Nyololo.

Kando ya barabara, ndani huko, iko Malangali. Nimemsimulia kwa kuwa hakuwahi kuisikia isipokuwa kama jina la shule. Mwaka 1928 serikali ya Waingereza ilifungua pale shule isiyo ya misheni, chini ya mkuu aitwaye Mumford, ambaye aliajiri wazee wa kienyeji waje kufundisha ngoma, mikuki na mila. Waingereza walikuwa wanatawala kupitia machifu, na waliona watoto wa machifu wakitoka misheni wanakuja na mchungaji ndani ya vichwa vyao. Wakataka kuandaa watawala wenye mizimu yao wenyewe, ila wanaojua kuandika ripoti kwa Bwana DC. Jaribio halikudumu. Wazazi wenyewe walitaka watoto wasome Kiingereza na hesabu, mkuki walishaujua.

Makambako tumebadili gari. Njombe tumeingia usiku, ukungu umejaa, na mwenye gesti ametupa mablanketi matatu kila mmoja bila kuombwa.

Alhamisi, Yakobi

"Kamwene," bibi mmoja mzee wa kanisa alitupokea, na kabla hatujaeleza shida: "Mmekuja kuona kanisa au kuona vita?"

Tukamwambia yote mawili.

Yakobi ni misheni ya Kilutheri iliyoanzishwa na Wamisionari wa Berlin, mwendo mfupi kutoka Njombe mjini. Tarehe 19 Septemba 1905 wapiganaji wa Kibena, Mtwa Mbeyela akiwa kiongozi wao, waliivamia. Ndani alikuwemo Mchungaji Paul Gröschel na Wakristo wake, Wabena pia, wenye bunduki. Wavamizi walikuwa na mikuki na maji. Walirudishwa nyuma.

Ilikuwa Vita ya Maji Maji, na maji hayo, dawa ya vita, yalitoka mbali, kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, karibu na Rufiji, ambaye Wajerumani walikuwa wameshamnyonga mwanzoni mwa Agosti. Tunafundisha darasani kwamba watu walidanganywa kuwa risasi zitageuka maji, halafu tunapita haraka kwenda kwenye matokeo ya vita. Nadhani tunawaonea. Wamatumbi, Wangoni, Wapangwa na Wabena hawakuwa na mfalme mmoja, hawakuwa na jeshi moja, na baadhi walikuwa wameuana kwa miaka mingi. Hakuna chifu aliyeweza kuwaunganisha. Maji yaliwaunganisha. Kwa miezi kadhaa neno la mganga mmoja marehemu lilitembea kusini mwa Tanganyika na kutiiwa kuliko amri ya Gavana. Kama huo si utawala, sijui tuuite nini.

Mpwa wangu akauliza swali la kisheria. "Lakini kwa nini kanisa? Kodi ilikuwa ya serikali."

Bibi ndiye aliyemjibu. "Mjukuu wangu, wewe ukipigwa na mtu, na ndugu yake amekaa pembeni anakuambia usali, utajua kumtofautisha?"

Kodi ya nyumba ilianza 1898, rupia tatu. Misheni ilikuwa na ardhi, iliamua kesi za watu waliohamia kwenye eneo lake, na mzungu wake alisema lugha moja na mzungu wa boma. Ndani ya misheni wenyewe walibishana na serikali mara nyingi, barua zipo. Nje hakuna aliyezisoma barua hizo.

Wahehe, waliovunjwa miaka saba kabla, hawakuinuka. Kikosi cha Kapteni Nigmann kilitoka Iringa kwenda kuokoa boma la Mahenge. Baadaye Wajerumani wakachoma mashamba na maghala. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wengine wanafika hadi 300,000, wengi kwa njaa. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijaliona likisisitizwa vya kutosha: baada ya maji kushindwa, watu wa kusini walimiminika kwenye dini mpya, wengine misheni, wengine msikitini. Dawa iliyoshindwa huachwa. Misheni ilikuwa na chakula, shule, na mtu wa kukuandikia barua ukidaiwa kodi mara mbili.

Bibi alitupa viazi vya kuchemsha na chai ya rangi. Alikataa katakata kulipwa chochote, halafu akatuonyesha sanduku la michango ya bati za kanisa.

Ijumaa, Mbeya

Mhubiri amepanda basi Makambako. Ana shati jeupe, Biblia iliyovaa plastiki, na sauti iliyozidi redio ya dereva. Tumeombewa safari, tumekemewa ulevi, tumepewa habari za mwisho wa dunia, na Igawa bahasha ikapita. Karibu kila mtu ametoa. Askari wa usalama barabarani alipotusimamisha Chimala, mhubiri akamshushia "Bwana asifiwe" dirishani, askari akajibu "Amina," na gari likaruhusiwa. Mpwa wangu akaninong'oneza kwamba huo ndio muungano wa dini na dola. Nikamwambia alale.

Mbeya ni mji mdogo kwa umri; Waingereza waliuanzisha 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa. Kwa hiyo hauna mtwa aliyezikwa katikati yake, na labda ndiyo sababu kila dini imepata kiwanja. Kutoka gesti yetu tumesikia adhana, kwaya ya mazoezi, na spika za mkutano wa injili kwa wakati mmoja.

Baada ya swala ya Ijumaa nimekaa na mzee mmoja anayeshona makobazi karibu na msikiti. Nilimwamkia, akanivutia kibao nikae. Yeye hakuwa na haja ya kuulizwa mara mbili.

"Babu yangu aliandika kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani akamchukua akawa karani, maana nani mwingine huku bara alijua kuandika? Baba yangu naye akataka kunisomesha mimi. Shule ilikuwa ya misheni. Nikaambiwa niwe na jina jingine."

"Ukakubali?"

"Nilikuwa Petro miaka minne," akasema, akaendelea kushona. "Hesabu nilizipata nzuri."

Historia inamuunga mkono. Wajerumani walitawala kupitia maliwali na maakida kutoka pwani, wengi wao Waislamu, mpaka wamisionari wa Kijerumani wakalalamika kwamba serikali yao wenyewe ndiyo inayoeneza Uislamu. Walipokuja Waingereza, ruzuku ya elimu tangu miaka ya 1920 ilikwenda kwa shule za misheni, na ofisi zikajaa waliosoma huko. Mwaka 1968 serikali ikaipiga marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na BAKWATA, baraza kuu la Waislamu, ikaundwa. Mwaka 1992 serikali hiyohiyo ikasaini mkataba wa makubaliano na makanisa, Katoliki na yale ya Jumuiya ya Kikristo (CCT), kuhusu hospitali na shule zao. Waislamu wengi waliuuliza mkataba huo maswali, na si maswali ya chuki. Mzee aliniuliza moja tu: "Mwenye hospitali anasaidiwa kwa sababu ana hospitali. Asiye nayo atasaidiwa lini aipate?"

Sikuwa na jibu la haraka, na la polepole pia sina.

Sensa ya mwisho kuwauliza Watanzania dini yao ilikuwa ya 1967. "Ndiyo maana kila mtu anajitajia asilimia yake," mpwa wangu akasema. Hapo nimempa alama zote.

Usiku, gesti, tumekutana na mfanyabiashara wa kahawa kutoka Mbozi aliyetupa kisa cha babu zake kule mpakani. Kisa chenyewe kiko pia kwenye kumbukumbu za wakoloni: mwishoni mwa Vita ya Kwanza, baada ya maelfu ya wanaume kushikwa wabebe mizigo ya jeshi, mhubiri aitwaye Hanoc Sindano alirudi kutoka Rhodesia Kusini akihubiri mafundisho ya Watchtower, ambayo watu waliyaita Kitawala. Mwisho umekaribia, msiwasikilize machifu, msifanye kazi ya serikali. Watu walihama vijiji wakaenda kukaa peke yao wakisali usiku kucha. Mwaka 1919 Waingereza wakawakamata. Hawakuwa wameshika hata rungu. Serikali iliwaogopa kwa sababu walikuwa wameacha kuitika wanapoitwa.

Jumamosi, Tukuyu

Kosta ya Tukuyu, mvua kuanzia Kiwira, migomba pande zote. Wajerumani waliuita mji huu Neu Langenburg. Tetemeko la 1910 na lile la 1919 yaliwabomolea na kuwabomolea warithi wao. Tumekula mbalaga na maharage mpaka mpwa wangu akalegeza mkanda.

Lubaga haiko mbali na hapa, na ndiyo hasa niliyoijia. Mzee tuliyeelekezwa kwake tumemkuta anapalilia chai. "Ugonile, tata," nikamwamkia kwa Kinyakyusa changu cha kuokoteza. "Ndaga," akaitikia, akaegemea jembe. Alitushauri tusiende msituni wenyewe bila mtu wa ukoo unaohusika, nasi hatukwenda. Badala yake alituketisha barazani.

Lwembe wa Lubaga alikuwa mtawala ambaye afya yake na afya ya nchi zilikuwa kitu kimoja. Mvua, ng'ombe kuzaa, migomba kushika: vyote viko mwilini mwake. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson waliishi Rungwe miaka ya 1930 na kuandika walichosimuliwa na wazee wa wakati huo: kwamba zamani Lwembe akiugua vibaya hakuachwa afe kwa ugonjwa. Wakubwa waliokuwa wakimzunguka walimziba pumzi, nguvu zisipotee pamoja naye. Kazi hiyo wanaume wa ukoo waliikimbia. Waliotakiwa kuwa Lwembe ilibidi wakamatwe.

"Ukomo wa madaraka," mpwa wangu akasema.

Mzee alicheka sana, akarudia neno hilo mara mbili kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akatueleza ubusoka, sherehe ya kizazi cha wana kupewa nchi. Chifu aliyekwisha kufanya ubusoka kwa wanawe alikuwa anasubiri tu kuondoka. Vijiji vipya vinawekwa, wakubwa wapya wanatangazwa, wazee wanasogea pembeni. Kila kizazi kwa zamu yake, kwa lazima ya mizimu.

Nimekuwa nikijiuliza tangu Kalenga ni nini kinachoipa dini nguvu juu ya serikali, na hapa barazani nimeona jibu langu linakaa vizuri. Mahubiri ni sehemu ndogo. Anayetegemewa kwa mvua ndiye anayesikilizwa. Kwa wazee hawa mvua ilikuwa ya Lwembe. Misheni ilipokuja na daftari, kwinini na mahakama ya barazani, watu wakaanza kutegemea huko, na utii ukafuata. Serikali ikataka utii huo, ikachukua shule. Ilipoelemewa na hospitali, ikarudi kusaini.

Tatizo la misheni hapa lilikuwa machifu wenyewe. Chifu wa Kinyakyusa alikuwa na wake wengi. Ndoa zile ndizo zilizokuwa siasa yake, zikimfunga na koo nyingine. Kubatizwa kulimtaka aachane nao. Wengi wakabaki nje, wakatuma watoto shule, na Wakristo wakajenga vijiji vyao pembeni. Ndipo kutoka Nyasaland yakaingia makanisa ya Waafrika wenyewe, miaka ya 1920 na 1930: Kanisa la Mwisho la Mungu na Kristo Wake, na Kanisa la Taifa la Kiafrika. Hayo yalimpokea mwenye wake wengi kama alivyo. Waingereza waliyaandikia majalada, kama kawaida yao wanapoona Waafrika wamekaa kikao bila mzungu.

Jumapili, Rungwe

Wamoravian walifika hapa Rungwe mwaka 1891, chini ya mlima, wakitokea Ziwa Nyasa. Ibada imeanza saa tatu na kanisa limejaa mpaka benchi za nje. Nembo ukutani ni ya mwanakondoo mwenye bendera: Mwanakondoo ameshinda, tumfuate.

Kanisa hili lina historia ambayo ningependa kila mwanafunzi wangu aijue. Chimbuko lake ni Bohemia, kwa Jan Hus aliyechomwa moto Konstanz mwaka 1415 kwa hukumu ya kanisa iliyotekelezwa na dola. Wafuasi wake wakaunda umoja wao 1457. Baada ya vita ya Mlima Mweupe, 1620, mfalme aliyeshinda aliamua raia wote wawe wa dini yake, na hawa wakaishi kwa kujificha karibu karne nzima, hadi mwaka 1722 walipopata hifadhi Herrnhut, kwenye shamba la Mjerumani mmoja, Zinzendorf. Wajukuu wa watu hao ndio waliofika Rungwe wakati bendera ya Kaizari inapandishwa. Waliofukuzwa na dola moja wakajikuta wakiishi chini ya ulinzi wa nyingine, na kwa muda wao wenyewe wakawa waamuzi wa kesi na wenye ardhi. Vita ilipowaondoa 1916, Waskoti wa Livingstonia walikuja kusaidia, lakini waliolibeba kanisa kila siku walikuwa walimu wenyeji.

Mahubiri yalikuwa marefu, mazuri kiasi. Kilichonifanya nikae wima ni matangazo. Mzee wa kanisa alisoma kwanza ndoa, kisha ratiba ya kwaya, kisha akafunua karatasi yenye muhuri wa bluu. "Tangazo kutoka kwa mtendaji wa kijiji." Wakulima wahakiki majina yao ya mbolea ya ruzuku kabla ya Ijumaa. Watoto chini ya miaka mitano waletwe kwenye chanjo, hapahapa uwanjani kwa kanisa. Mkutano wa kijiji Jumatano, na wasiofika wasilalamike baadaye. Watu walioinama wakati wa zaburi sasa wakainua vichwa. Wanawake wawili mbele yetu walitoa kalamu.

Mtendaji mwenyewe alikuwemo, benchi ya tatu, koti la kaki. Mpwa wangu akamfuata nje akamuuliza, kwa adabu, kwa nini tangazo la serikali lisibandikwe ofisini.

"Limebandikwa, kijana. Njoo ofisini kesho uniambie umewakuta wangapi wanalisoma." Akaongeza kwamba nakala nyingine ilipelekwa msikitini Ijumaa, na nyingine kwa Wasabato jana.

Mnada ukaanza. Sadaka za mazao: mkungu wa ndizi, parachichi kwenye ndoo, mayai, jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Mnadishaji alikuwa kijana wa kwaya mwenye maneno. Ndizi zilikwenda kwa elfu nane. Jogoo akaanzia elfu kumi, mama mmoja akasema kumi na mbili, mtendaji akasema kumi na tano, kelele zikapanda. "Serikali inapambana na umoja wa wanawake!" mnadishaji akapaza sauti. Mama akasema kumi na saba. Mtendaji akapapasa mfuko wa koti, akahesabu, akasema kumi na nane. Mama akafungua kanga kiunoni na kutoa ishirini, akamchukua jogoo wake miguu juu, na mtendaji akageukia ndoo ya parachichi.